Hita mpya, maji bado baridi: Kagua haya kabla ya kurudi dukani

AFYA NA USAFI

Miji ya Tunduma, Vwawa na Mlowo haifanani na Dar es Salaam wala Tanga kwa hali ya hewa. Tunduma iko zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na kuanzia Juni hadi Agosti usiku huwa na baridi kali, joto likishuka hadi karibu nyuzi 10. Kwa Muislamu, baridi hiyo haimalizwi kwa kujifunika blanketi. Anatakiwa atawadhe kwa ajili ya swala ya Alfajiri, na mwenye janaba, au mwanamke aliyetwaharika kutokana na hedhi au nifasi, anatakiwa aoge mwili mzima kabla ya kuswali. Ndiyo maana hita ya maji katika nyumba nyingi za mkoa wa Songwe haihesabiwi kuwa anasa.

Hita ya zamani inapokufa, baba wa nyumba hununua nyingine. Tunduma ni mji wa mpakani, bidhaa zinaingia kutoka Dar es Salaam na nyingine zinavuka kutoka Nakonde upande wa Zambia, hivyo hita za kila aina zinapatikana. Fundi anafunga, anachukua ujira wake, anaondoka. Alfajiri ya kesho yake bomba linafunguliwa na maji ni vuguvugu, au ni baridi kabisa, au yanatoka moto kwa mtu wa kwanza tu.

Hapo wengine hurudi dukani kugombana na muuzaji. Wengine hununua hita ya pili. Lakini walio katika hatari kubwa ni wale wanaoamua kuingiza jiko la mkaa bafuni, au kuchezea nyaya kwa mikono iliyolowa.

Ndugu msomaji, mara nyingi hita mpya inayogoma haina ubovu. Kasoro huwa katika ufungaji, katika maji yanayoingia, au katika umeme unaoilisha. Ukifuata utaratibu utajua kasoro iko wapi, utajua lipi unaweza kulirekebisha mwenyewe na lipi ni la fundi, na hutaiweka familia yako hatarini.

Kwanza ijue hita yako

Hita zinazotumika majumbani kwetu ni za aina mbili kubwa. Ya kwanza ni hita ya tangi. Hii hutundikwa ukutani, huhifadhi maji ya lita 30, 50, 80 au zaidi, na huyachemsha polepole. Ya pili ni hita ya papo kwa papo, ambayo mara nyingi ni kile kichwa cha shawa chenye nyaya za umeme. Hii haihifadhi maji, huyapasha yanapopita.

Kuna pia ile hita ya waya inayozamishwa kwenye ndoo. Hii tutaizungumza peke yake mwishoni, kwa sababu madhara yake ni makubwa.

Hita ya tangi inahitaji muda. Tuchukulie maji yanaingia yakiwa na nyuzi 15 na unataka yafike nyuzi 60. Tangi la lita 50 lenye nguvu ya wati 1,500 litachukua takriban saa moja na dakika 45. Mwenye kuamka saa 11 alfajiri akaiwasha hapo hapo, maji yake yatakuwa tayari saa 1 kasoro robo asubuhi, wakati jua linakaribia kuchomoza. Huyu hana hita mbovu. Anatakiwa aiwashe mapema zaidi, au aiwashe usiku kabla ya kulala, maji yapate moto, kisha aizime. Tangi zima huhifadhi joto kwa saa nyingi.

Maji hayapati moto kabisa

Anza na mambo mepesi. Je, swichi ya hita imewashwa na taa yake inawaka? Je, breka ya hita kwenye boksi la umeme imeanguka? Je, LUKU ina uniti? Watu wazima wamewahi kumwita fundi kumbe uniti zimekwisha usiku.

Kama umeme upo na taa inawaka lakini maji ni baridi baada ya saa mbili, uliza swali moja: siku ya kufunga, tangi lilijazwa maji kabla ya kuwashwa? Katika mitaa ambayo maji huja kwa zamu, fundi anaweza kumaliza kazi yake wakati mabomba ni makavu, na mwenye nyumba akawasha hita akitaraji maji yatakuja. Elementi, yaani chuma cha ndani kinachopasha maji, ikiwaka bila maji huungua kwa muda mfupi sana. Hita mpya inakufa siku ile ile, na muuzaji ana haki ya kukataa kuirudisha.

Utaratibu sahihi ni huu. Fungua maji yaingie kwenye tangi. Fungua bomba la maji moto la bafuni na uliache wazi. Kwanza utatoka upepo, kisha maji yatakuja yakikatika-katika, kisha yatatoka mfululizo bila upepo. Hapo ndipo tangi limejaa, na hapo ndipo unaruhusiwa kuwasha. Kila maji yanapokatika kwa siku kadhaa, zima hita, na urudie utaratibu huu kabla ya kuiwasha tena.

Jambo la pili ni kinga ya joto. Hita nyingi za tangi zina themostati yenye kitufe kidogo cha usalama kinachokata umeme joto likizidi. Kitufe hicho kikiruka, hita haitawaka mpaka kirudishwe. Kiko ndani ya kifuniko chenye nyaya, kwa hiyo kazi hiyo ni ya fundi umeme. Na kikiruka tena baada ya kurudishwa, kina sababu. Asiyajue haya fundi akakifunga moja kwa moja ili kisikate, ameondoa kinga ya nyumba yako.

Maji ni vuguvugu, au moto unaisha haraka

Kipimo chake ni rahisi. Tangi la lita 50 lililofika nyuzi 60, likichanganywa na maji baridi ya nyuzi 15, kwa hesabu linatoa takriban lita 90 za maji ya kuoga ya nyuzi 40. Kwa uhalisia hupungua kidogo, lakini watu sita au saba wanaooga kwa ndoo ya lita 10 kila mmoja wanatakiwa watoshelezwe. Kama mtu wa pili tayari anaoga maji baridi, kuna kasoro.

Kasoro ya kwanza ya kutafuta ni mabomba kugeuzwa. Chini ya tangi kuna njia mbili, kwa kawaida zenye alama ya buluu kwa maji baridi yanayoingia, na nyekundu kwa maji moto yanayotoka. Ndani ya tangi, bomba la kutolea huchukua maji kutoka juu, kwa kuwa maji moto hupanda, na la kuingizia huachia maji baridi chini. Fundi akizigeuza, maji baridi yanamwagika juu ya yale ya moto na kuyapoza, na yanayotoka ni yale ya chini. Hita inafanya kazi usiku kucha na nyumba haipati faida. Washa hita, subiri, kisha gusa mabomba yote mawili kwa tahadhari huku bomba la maji moto likiwa wazi: lenye alama nyekundu ndilo linalotakiwa kuwa na joto.

Kasoro ya pili ni themostati iliyowekwa chini. Hita nyingine hutoka kiwandani zikiwa zimewekwa joto la chini. Nyuzi 60 ndani ya tangi ni kiwango kizuri, kwa sababu vijidudu viitwavyo Lejionela, vinavyoleta ugonjwa wa mapafu, huzaliana katika maji ya vuguvugu yaliyotuama, kati ya nyuzi 20 na 45. Lakini kumbuka kwamba maji ya nyuzi 60 huunguza ngozi ya mtoto ndani ya sekunde chache. Ukimwogesha mtoto au mzee, tia maji baridi kwanza kwenye beseni, kisha ongeza ya moto, na yapime kwa kiwiko kabla hajaguswa.

Mpira wa chooni unaoharibu maji moto

Hili halimo katika maelezo yanayokuja na boksi la hita, lakini nyumba za Waislamu zinalipata zaidi kuliko wengine. Nyumba nyingi zimefunga mpira wa kustanjia chooni, ule ambao watu wa pwani na waliokaa Uarabuni huuita shatafu. Ili kupata maji ya vuguvugu wakati wa baridi, wapo wanaouunganisha kwenye mikisa, yaani koki inayochanganya maji moto na baridi.

Mtu akimaliza kujisafisha huachia kitufe cha kichwa cha mpira, maji yakakatika, naye akaondoka akiacha koki zote mbili za mikisa zikiwa wazi. Kwa kuwa maji hayana pa kutokea, upande wenye msukumo mkubwa unasukuma upande wenye msukumo mdogo. Maji baridi yanapita ndani ya mikisa na kuingia kwenye bomba la maji moto la nyumba nzima. Ukifungua bomba la moto bafuni unapata mchanganyiko wa vuguvugu, na unalaumu hita.

Jipime hivi. Zima hita. Funga koki ya maji baridi inayoingia kwenye tangi, kisha fungua bomba la maji moto bafuni. Baada ya muda mfupi maji yanatakiwa yakatike. Kama yanaendelea kutoka kwa nguvu, basi kuna mahali maji baridi yanavuka. Funga koki zote mbili za mpira wa chooni na upime tena. Yakikatika, umempata mwizi wako, na dawa yake ni kuwafundisha wote wa nyumbani kufunga koki kila baada ya kutumia, au kumwambia fundi bomba aweke valvu za kuzuia maji kurudi nyuma. Ukimaliza kupima, fungua tena koki ya maji yanayoingia kwenye tangi kabla ya kuwasha.

Kufunga koki hizo kuna faida nyingine pia. Mpira ulioachwa na msukumo wa maji usiku kucha hupasuka, na choo chote kikafurika.

Shawa ya umeme na baridi ya Songwe

Kwa wenye hita ya papo kwa papo, lalamiko la kawaida ni hili: "Nimeinunua sawasawa na ile ya ndugu yangu wa Dar es Salaam. Kwake inatoa maji moto sana, kwangu ni vuguvugu." Hapa hakuna aliyedanganywa. Shawa ya wati 5,500 ina uwezo uleule popote, ila maji ya kupashwa hayafanani.

Dar es Salaam maji yanaingia yakiwa na nyuzi zipatazo 27. Kuyafikisha 40 ni kuongeza nyuzi 13 tu, na shawa hiyo inaweza kupasha takriban lita 6 kwa dakika. Tunduma mwezi Julai, kama maji yanaingia na nyuzi 15, unahitaji kuongeza nyuzi 25, na shawa ileile inaweza kupasha takriban lita 3 kwa dakika. Kwa hiyo dawa ya kwanza haina gharama: punguza koki. Maji yakipita polepole yatatoka na joto zaidi.

La pili ni umeme mdogo. Shawa iliyotengenezwa kwa volti 230 ikipata volti 180, nguvu yake haipungui kidogo kama wengi wanavyodhani. Hubaki na takriban asilimia 61 tu. Wati 5,500 zinakuwa kama 3,400. Hita ya tangi ya lita 50 tuliyoitaja, badala ya saa moja na dakika 45, itachukua karibu saa tatu. Kama taa za nyumbani hufifia jioni watu wote wanapopika, hapo ndipo pa kutazama. Mwombe fundi apime volti hita ikiwa inafanya kazi. Kama umeme unaoingia kutoka nje ni mdogo, toa taarifa TANESCO. Kama nje ni sawa na ndani unapungua, tatizo ni waya wako.

Waya wenyewe ni jambo la usalama. Shawa ya wati 5,500 huvuta takriban ampea 24. Haifai kuunganishwa kwenye soketi ya kawaida ya ampea 13, wala kwenye waya wa hita ndogo iliyokuwepo zamani. Inahitaji waya wake wenyewe kutoka kwenye boksi, usiopungua milimita za mraba 4, na breka yake. Ukigusa swichi ya hita ukaikuta ina joto, au ukasikia harufu ya plastiki inayoungua, zima na usiwashe tena mpaka fundi afike. Moto ukizuka, namba ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji ni 114.

Maji yanatoka kidogo

Kama maji baridi yanatoka vizuri na ya moto yanadondoka tu, ujue njia ya hita imeziba. Wakati wa kubadilisha hita, kutu na mchanga wa mabomba ya zamani hutikisika, na vipande vya ile tepu nyeupe ya fundi bomba huingia ndani. Uchafu huu hukwama kwenye vichujio vya shawa, kwenye mikisa, au kwenye valvu iliyo chini ya tangi. Fungua kichwa cha shawa, kisafishe kwa siki, na umwombe fundi afungue valvu aitazame.

Shawa ya umeme ina jambo la ziada. Ndani yake kuna swichi inayowaka pale tu msukumo wa maji unapofika kiwango fulani. Kama maji yanatoka kwenye simtanki lililowekwa chini, msukumo hautoshi na shawa haitawaka ingawa ni nzima. Kila mita moja ya kunyanyua tangi inaongeza msukumo wa bar 0.1 tu, hivyo tangi lililo sawa na paa la bafu halina nguvu. Soma kwenye boksi kiwango ambacho shawa yako inadai kabla ya kununua.

Tazama pia mabomba yenyewe. Bomba la plastiki la maji baridi likipitishiwa maji moto hulainika, hupinda na kuachia viungo. Dai bomba zilizotengenezwa kwa ajili ya maji moto, ambazo mara nyingi huwa na mstari mwekundu.

Kudondoka, harufu na mlio

Watu wengi wakiona valvu ya usalama iliyo chini ya hita ya tangi inadondosha maji wakati wa kuchemsha, huiziba kwa kijiti au kizibo. Jambo hili ni la hatari kubwa. Maji yakipata moto hutanuka. Lita 50 zinapopanda kutoka nyuzi 15 hadi 60 huongezeka takriban robo tatu ya lita, na ongezeko hilo lazima litoke mahali. Ukiziba, msukumo hupanda ndani ya tangi, na tangi linaweza kupasuka na kuua. Unganisha mpira mdogo uelekeze matone kwenye ndoo au mfereji, lakini usiweke kizibo. Ila kama inatiririka mfululizo hata hita ikiwa imezimwa, basi valvu ni mbovu au msukumo wa maji ni mkubwa kupita kiasi, mwite fundi.

Maji moto yakitoa harufu ya yai bovu, ilhali ya baridi hayanuki, mara nyingi ni maji yaliyokaa ndani ya tangi muda mrefu bila kutumiwa. Yamwage yote, jaza upya, na uyafikishe nyuzi 60. Maji mekundu siku za mwanzo ni kutu ya mabomba ya chuma iliyotikiswa. Yaache yatoke mpaka yatakate. Na kama baada ya miezi hita inanguruma kama sufuria ya uji, chokaa ya maji imeganda kwenye elementi, nayo inatakiwa ifunguliwe na kusafishwa.

Ukihisi umeme, toka nje

Mtu akisema anahisi ganzi au kuchomwa-chomwa anapogusa bomba au maji ya shawa, usimwambie avae ndala. Huo ni umeme unaovuja, na mwili uliolowa hauna kinga. Zima meni swichi ya nyumba, usiitumie hita hiyo, na uite fundi umeme mwenye leseni ya EWURA. Muulize mambo mawili: je, waya wa ethi umeunganishwa kwenye hita na umefika ardhini? Na je, boksi lina ile swichi inayokata umeme wenyewe unapovuja, ya miliampea 30? Hita isiyo na ethi haifai kuwashwa hata kwa dakika moja.

Kwa sababu hiyo hiyo, ile hita ya waya ya kuzamisha kwenye ndoo haistahiki kuwa bafuni. Anayelazimika kuitumia aiweke nje ya bafu, mbali na watoto, aizime na kuchomoa plagi kabla ya kugusa maji au ndoo, na asiitumie kamwe kwenye ndoo ya chuma.

Jiko la mkaa si hita

Tumefika kwenye lile linaloua familia kimyakimya. Hita ikigoma na baridi ikawa kali, mtu hubeba jiko la mkaa lenye sufuria ya maji akaliweka bafuni au chumbani, akafunga mlango na dirisha ili joto lisitoke. Mkaa unaowaka hutoa hewa ya sumu iitwayo kaboni monoksaidi. Haina rangi wala harufu. Hushikamana na damu kwa nguvu inayozidi oksijeni mara 200 na zaidi, na mwili ukakosa pumzi ingawa mtu anavuta hewa. Mkaa usiotoa moshi si salama zaidi, kwani sumu hii si moshi.

Dalili zake ni kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu na miguu kukosa nguvu. Watu wawili au watatu wa nyumba moja wakiumwa kichwa kwa pamoja karibu na jiko, wasidhani ni mafua. Toka nje wote kwenye hewa safi, na muwahi hospitali. Watoto na wajawazito huathirika zaidi. Hita za gesi nazo zinahitaji kufungwa nje au mahali penye njia ya hewa. Hazifai ndani ya bafu lililofungwa.

Chemsha maji jikoni au uani, kisha uyabebe. Na hayahitajiki mengi. Tunduma maji huchemka karibu nyuzi 95 kwa sababu ya mwinuko. Sufuria ya lita 3 iliyochemka, ukiimimina kwenye lita 7 za maji baridi, inakupa ndoo ya lita 10 yenye joto zuri la kuoga.

Dini haikutaka uumie

Imepokewa na Bukhari na Muslim kutoka kwa Anas (r.a.) kwamba Mtume (s.a.w.) alikuwa akitawadha kwa mudi moja, na akioga kwa pishi moja hadi mudi tano. Mudi haizidi takriban robo tatu ya lita, na pishi ni kama lita 3. Ndoo moja basi inatosha na kubaki. Imam Bukhari pia ametaja kuwa Umar (r.a.) alitawadha kwa maji moto, hivyo anayepasha maji asidhani amepunguza ibada yake.

Na kama hakuna njia ya kupasha maji, na mtu anahofia maji baridi yatamdhuru, sharia imemfungulia mlango. Katika vita vya Dhatu Salasil, mwaka wa 8 Hijria, Amr bin al-Aas (r.a.) alipatwa na janaba usiku wa baridi kali. Akaogopa kuangamia, akatayamamu na kuwaswalisha wenzake. Alipoulizwa na Mtume (s.a.w.) akataja aya ya 29 ya Suratun Nisaa inayokataza watu kujiua. Mtume (s.a.w.) akacheka na hakumlaumu. Imepokewa na Abu Daud. Wanazuoni wametofautiana kama mwenye kutayamamu kwa ajili ya baridi atarudia swala yake baadaye, kwa hiyo muulize imamu wa msikiti wako.

Abu Daud amepokea pia habari ya mtu aliyejeruhiwa kichwani safarini. Wenzake walimwambia hana ruhusa ya kutayamamu, akaoga, akafa. Mtume (s.a.w.) alichukizwa sana na watu hao, akafundisha kuwa asiyejua hutibiwa kwa kuuliza. Mafunzo hayo yanamhusu mwenye kutoa fatwa bila elimu, na mwenye kufungua hita bila ujuzi naye ajifunze hapo.

Kabla hujamlipa fundi

Ukibadilisha hita, usikabidhi pesa ya mwisho mpaka umeyaona haya kwa macho yako:

1. Maji yametoka kwenye bomba la moto bila upepo kabla ya umeme kuwashwa.
2. Bomba la kuingia na la kutoka yako mahali pake.
3. Valvu ya usalama ipo na haijazibwa.
4. Waya wa ethi umeunganishwa, na hita ina waya na breka yake yenyewe.
5. Hita imewaka mbele yako mpaka maji yamepata moto, na fundi amesubiri.
6. Risiti na karatasi ya dhamana zimebaki mikononi mwako.

Pima na mfuko wako. Kuchemsha tangi la lita 50 mara moja, kwa hesabu tuliyotumia, hula takriban uniti 2.6. Ukifanya hivyo kila siku ni uniti 78 kwa mwezi, kwa hita peke yake. Daraja la matumizi madogo la D1, kwa bei zilizotangazwa mwaka 2016, liliwekewa kikomo cha uniti 75. Familia ndogo inaweza kutoshelezwa na tangi la lita 30, au hita ikawashwa kwa saa zilizopangwa badala ya kuachwa siku nzima. Kuacha ikiwaka bila haja ni israfu, na israfu imekatazwa hata katika maji ya udhu.

Twahara ni sharti la swala, na kuilinda nafsi ni wajibu. Allah (s.w.) hakuyafanya mawili haya yagombane. Aliyepata maji moto kwa njia ya salama ashukuru, na aliyeyakosa alfajiri ya leo asiifungie familia yake na jiko la mkaa kwa ajili ya kuyapata.

Wallahu aalam.